Maumivu ya nyayo nayo yaulizwe kliniki

Katika kliniki zetu nyingi, mtu anayeishi na VVU hupimwa uzito, hutolewa damu na huhesabiwa vidonge. Kama anaumwa, mara nyingi haulizwi. Jambo hili linaniudhi, kwani utafiti upo, tena umefanywa hapa hapa Afrika.

Ninaishi Kensington, mashariki ya Johannesburg. Jirani yangu, mama mtu mzima kutoka Bukavu, hulala miguu ikiwa nje ya blanketi hata mwezi Julai, baridi ya huku inapofika kwenye mifupa. "Mwanangu, shuka ikinigusa tu, nyayo zinawaka moto," huniambia. Alianza dawa za VVU enzi za stavudini, moja ya dawa za zamani. Kila alipolalamika aliambiwa ni uzee.

Upande wa pili wa jiji, Parktown, watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliwauliza wagonjwa kama yeye. Mwaka 2011 walichapisha matokeo: kati ya waliowahi kutumia stavudini, asilimia 57 walikuwa na neva za miguu zilizoharibika, na wengi wao waliteswa na maumivu. Wazee na watu warefu ndio walioathirika zaidi. Neva ndefu huanza kudhurika kwenye ncha zake. Kupima si kazi kubwa. Muuguzi anagonga kichuma chenye ncha mbili, anakiweka juu ya kidole gumba cha mguu kikiwa kinatetemeka, anamuuliza mgonjwa mtetemo umekoma lini.

Stavudini iliokoa maisha ya wengi, kuanzia Kenya na Tanzania hadi huku. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe kwa sababu ya madhara yake, ya neva yakiwemo. Lakini VVU vyenyewe pia huharibu neva, kwa hiyo tatizo halikuondoka nayo.

Ninachokiheshimu zaidi ni jaribio la 2015. Amitriptilini, dawa wanayoandikiwa wengi wenye maumivu haya, ililinganishwa na kidonge kisicho na dawa ndani. Haikukishinda. Watafiti wakatangaza hivyo hivyo, bila kuficha. Maana yake ni kwamba tiba bora bado inatafutwa, na vyuo vikuu vya Muhimbili na Makerere vinastahili fedha za kuitafuta kwa wagonjwa wetu.

Wizara za afya za Afrika Mashariki ziweke swali la maumivu kwenye kadi ya kliniki. Nawe unayesoma, kama nyayo zako zinawaka au zimekufa ganzi, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi, na dawa zako za VVU usiziache.