Udongo Mwekundu na Maji Tunayokunywa



Yeyote aliyetembea katika vijiji vya Ufipa ameona, au walau amesimuliwa, habari za malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo wazee wetu walichomea mawe ya chuma. Tanuru moja lilifikia kimo cha meta 3 hivi, nalo lilivuta upepo lenyewe bila mivukuto. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, vyuma vya dukani vilipoenea. Leo wataalamu wa maji wameurudia udongo wenye chuma kwa sababu nyingine kabisa: kutu ya chuma hunasa sumu zilizoyeyuka majini.

Sumu hizo ni metali nzito, yaani risasi, zebaki, kadmiamu, na pamoja nazo arseniki, ambayo wanakemia huiweka kando kidogo ingawa madhara yake hayapungui. Vijidudu vya kuhara hufa kwa moto; metali hazifi. Mama achemshaye maji ya kisima afanya vema sana, wala asiache. Lakini kama maji yale yana risasi, baada ya kuchemka risasi imebaki yote, na maji ndiyo yaliyopungua. Shirika la Afya Duniani linashauri arseniki isizidi miligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa, na risasi vivyo hivyo. Kiasi hicho hakuna jicho wala ulimi uwezao kukitambua. Hata hivyo risasi hudhoofisha akili za watoto, na arseniki ikinywewa miaka mingi huharibu ngozi na kuleta saratani.

Dawa yaweza kuwa ya bei ndogo. Chembe ya kutu, au ya udongo wa mfinyanzi, ina uso wenye chaji ya umeme, na sumu iliyoyeyuka huung'ang'ania uso huo kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Yako mawe mengine, yaitwayo zeolaiti, ambayo hufanya mabadilishano: huachia sodiamu au kalsiamu isiyodhuru, yakashika risasi badala yake. Chokaa nayo hutuliza asidi ya maji yatokayo migodini, na metali nyingi zikageuka mashapo na kutuama chini.

Huko Bangladesh visima vya pampu vilichimbwa kwa mamilioni ili kuwaepusha watu na maradhi ya kuhara. Baadaye ikagunduliwa kwamba vingi vina arseniki. Mwanakemia Abul Hussam, mzaliwa wa nchi hiyo, alibuni chujio la ndoo lenye mchanga, mkaa, vipande vya matofali na chuma chakavu, na mwaka 2007 alipewa nchini Marekani tuzo ya dola 1,000,000. Nepal wametumia misumari ya kawaida. Karibu nasi zaidi, Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya lilitengeneza machujio ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ili kuondoa floraidi, na kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimeshughulikia jambo hilo hilo. Floraidi si metali, lakini mfupa uliochomwa ni madini ya fosfati, na risasi pia hunaswa nayo. Habari ya Nakuru yatupendeza hasa kwa kuwa jimbo halikuishia kwenye mahubiri: lilipima maji.

Je, jambo hili latuhusu sisi wa Mollo? Hatusemi kwamba visima vyetu vina sumu; asiyepima hana haki ya kuwatisha watu. Lakini huko Geita watafiti wamekuta arseniki kupita kiwango katika baadhi ya maji ya chini ya ardhi, na vijana wetu waendao kutafuta dhahabu Chunya na Mpanda wanaijua zebaki kwa mikono yao. Huichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huingia mapafuni. Hapo udongo mwekundu hausaidii kitu. Kinachosaidia ni chombo cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba la kuupoza mvuke urudi kuwa zebaki. Na kilicho bora ni kuiacha zebaki kabisa. Ile imwagikayo mtoni hugeuzwa na vijidudu vya matopeni kuwa sumu kali zaidi, ambayo hupanda kutoka mdudu hadi samaki na kutoka samaki hadi mlaji. Mito ya machimbo ya Lupa huelekea Ziwa Rukwa, na samaki wa ziwa hilo twawala huku juu. Hakuna ndoo ya mchanga iwezayo kumsafisha samaki.

Ndiyo maana twaisifu dawa hii kwa tahadhari. Ukimwambia mjane anunue ndoo mbili na kubadili udongo kila unaposhiba sumu, huku aliyechafua mto akiendelea na shughuli zake, umemhamishia mjane deni la mwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Twakumbuka jinsi nabii Elisha alivyotia chumvi katika chemchemi ya Yeriko (2 Waf 2:19-22). Wengi hukumbuka chumvi tu. Lakini waliolianzisha jambo ni watu wa mji, waliokwenda wakasema wazi kwamba maji yao ni mabaya.

Basi mtu asichimbe udongo kando ya njia na kuujaza ndooni leo jioni. Udongo mbichi waweza kuwa na sumu zake na vijidudu vyake, na chujio linalofaa kwa arseniki huenda lisifae kwa metali nyingine. Tena udongo ulioshiba haufai kutupwa shambani wala kijitoni, maana sumu haikupotea, imehama tu. Kipimo ndicho kitangulie. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, uliundwa chini ya sheria ya mwaka 2019, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa ipo kwa ajili ya mito na chemchemi zetu. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waorodheshe visima na chemchemi za kila kigango, kisha wajumbe wawili waipeleke orodha hiyo katika ofisi ya RUWASA ya wilaya na kuuliza ni lini kila kimoja kilipimwa metali nzito, mbali na vijidudu, na matokeo yake yako wapi. Jibu waliombe kwa maandishi.