Makali Tununue, Mpini Tuunde Wenyewe

Majuma machache yaliyopita nilialikwa na chama cha Kiswahili cha shule moja ya upili ili nizungumze na wanafunzi juu ya uundaji wa istilahi. Nilizungumza kwa muda wa saa nzima, nikataja mizizi na viambishi, ukopaji na tafsiri, na mambo mengine ambayo sisi wanaisimu huyapenda kuliko wanavyoyapenda wale wanaotusikiliza. Nilipoketi, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliinua mkono akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mwalimu, katika karakana yetu kuna mashine iliyofunikwa turubai. Tunaambiwa kuwa huuzungusha mti na fundi akauchonga ukiwa unazunguka. Kwa Kiswahili huitwaje?"

Nilimjibu kuwa mashine hiyo huitwa kerezo, na kazi yenyewe ni kukereza. Ni maneno yaliyomo katika kamusi zetu kongwe, wala hapana haja ya kubuni mengine. Kisha nami nikauliza: ni nani miongoni mwenu aliyewahi kuliona kerezo hilo likizunguka? Ukumbi ulinyamaza. Hakuna mkono ulioinuliwa.

Niliomba nipelekwe karakanani. Mwalimu wa ufundi, mtu mpole mwenye umri unaokaribia wangu, alilifunua turubai, na kumbe chini yake mna mashine nzima isiyo na ila. Kando yake palikuwa na kabati lenye kufuli. Alilifungua akanionyesha seti ya patasi nne za kukerezea, zenye ncha za kabaidi, zilizoagizwa kutoka ng'ambo zikiwa kamili na mipini yake. Mafuta ya kiwandani yalikuwa bado yanang'aa juu ya vyuma vyake.

"Zikivunjika, Daktari, nani atalipa?" aliniuliza. Kisha akanionyesha kovu refu lililokuwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kabla ya seti ile kununuliwa, alijitengenezea patasi kutokana na tupa kuukuu. Tupa ilikatika mti ukiwa unazunguka, na kipande kikampasua mkono. Tangu siku hiyo turubai halikuondolewa ila kwa kufagia.

Sikuweza kumlaumu. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani niliona kuwa katika chumba kile kimoja nilikuwa nimeyashuhudia makosa yetu mawili makubwa yakitazamana. Kosa la kwanza ni kununua kila kitu, na la pili ni kuunda kila kitu. Lile la kwanza lilikuwa limefungiwa kabatini, na la pili limeandikwa kwa kovu katika mkono wa mwalimu.

Kabla sijaendelea, sharti nimwondolee msomaji utata. Neno kabaidi huenda likampotosha. Wengi wetu tunaijua kabaidi ya kalisiamu, lile jiwe la kijivu ambalo mafundi wa jua kali hulitia maji ili litoe gesi ya kuchomelea, na ambalo wafanyabiashara wasio na haya hulitumia kuivishia ndizi na maembe. Siyo hiyo ninayoizungumzia. Ninazungumzia kabaidi ya tangsteni, ambayo ni unga mgumu wa tangsteni na kaboni ulioshikamanishwa kwa madini ya kobalti, ukashindiliwa na kuokwa katika tanuri lenye joto la kiasi cha nyuzi 1400 za selsiasi.

Historia yake yafaa ijulikane na wanafunzi. Katika miaka ya 1920, kampuni ya Osram ya Ujerumani ilihitaji kuvuta nyuzi nyembamba za tangsteni za kutilia katika taa za umeme, na vifaa vya kuvutia nyuzi hizo vilikuwa vya almasi, ghali mno. Mwaka 1923, Karl Schröter aliomba hataza ya dutu hii ili iichukue nafasi ya almasi. Baadaye kampuni ya Krupp ikaiuza chini ya jina Widia, yaani ufupisho wa maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Tangsteni nalo ni neno la Kiswidi, maana yake "jiwe zito". Wajerumani walikopa jiwe la jirani yao, wakaliunda upya, kisha wakalipa jina kwa lugha yao wenyewe.

Ncha hii ina manufaa gani kwa mkerezaji? Patasi ya chuma cha kawaida, hata kile kigumu kinachostahimili joto, huisha makali upesi, hususa inapokutana na miti yetu. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Mvule una tabia ya kuficha ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyoupasua ukingo wa patasi. Fundi hulazimika kurudi kwenye jiwe la kunolea mara kwa mara, na kunoa bobari ya kukerezea ni ujuzi unaotaka miezi mingi kuupata. Ncha ya kabaidi, kwa upande wake, haitaki kunolewa kila mara. Ni kidude kidogo bapa, cha mraba au cha duara, kilichobanwa kwa parafujo kwenye pao la chuma. Ukingo mmoja ukiisha makali, parafujo hulegezwa, ncha ikazungushwa, na kazi ikaendelea. Ile ya mraba ina kingo nne. Mwanafunzi aweza kuishika patasi hiyo sambamba na sakafu, kwenye kimo cha kitovu cha mti unaozunguka, akapata umbo la kuridhisha katika siku ya kwanza.

Hapo ndipo swali linapozuka: tununue au tuunde?

Wapo wanaosema tununue kila kitu. Patasi moja kamili kutoka kwa watengenezaji wenye jina huuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani, yaani kiasi cha shilingi 13,000, kabla ya nauli na ushuru. Patasi nne hupita shilingi 52,000. Shule ikishatoa fedha hizo, mwalimu hugeuka mlinzi wa ghala. Chombo huwa cha thamani mno hata hakiguswi, na kisichoguswa hakifundishi.

Wapo nao wanaosema tuunde kila kitu kwa jina la kujitegemea. Hawa ninawaheshimu, maana wahunzi wetu wana historia ndefu ya kufua mapanga na visu kutokana na springi kuukuu za magari. Lakini yafaa tujue kwa nini springi hufaa na tupa haifai. Springi imetengenezwa ipinde na kurudi bila ya kuvunjika. Tupa imekaushwa iwe ngumu tupu, nayo hukatika kama kigae ipatapo pigo la ghafla. Ama ncha ya kabaidi yenyewe, hapana fundi wa Kamukunji wala mwalimu wa karakana atakayeioka katika tanuri la makaa, kwani tangsteni haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3400. Kujidai kuwa twaweza ni majivuno, na majivuno karakanani hulipwa kwa damu.

Maoni yangu ni kuwa swali lenyewe limeulizwa vibaya. Tulitazame jambo kwa utulivu. Katika patasi ile ya shilingi 13,000, kilicho kigumu kutengeneza ni kidude chenye upana wa kiasi cha milimita 15 na unene usiozidi wa sarafu mbili tatu. Kidude hicho huuzwa peke yake, na vilivyo vya bei nafuu hupatikana kwa dola chache tu kila kimoja. Kilichobaki ni pao la chuma, tundu lenye hesi, pete ya bomba na mpini wa mti. Ni lipi hapo lisilowezekana katika karakana ya shule?

Nasema haya si kwa kubahatisha. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, nami hadi leo hukereza bakuli na mipini siku za Jumamosi. Patasi yangu ya kwanza ya kabaidi niliinunua ikiwa kamili nilipokuwa masomoni ughaibuni. Ya pili niliiunda mwenyewe, na nikaiunda vibaya. Nilikikata kitako cha ncha kwa haraka, kikawa na kinundu katikati, nami sikujali. Kabaidi ni ngumu, lakini haipindi hata kidogo. Nilipoigusisha kwenye gogo la mvule, ncha ilipasuka vipande viwili na kimojawapo kikanigonga kwenye miwani ya kinga. Miwani ile ndiyo sababu ninayaandika haya nikiwa na macho mawili.

Ya tatu niliifanya kwa subira, nayo ninaitumia mpaka sasa. Pao la chuma la mraba la milimita 12 ndilo bora kwa wanafunzi, kwa kuwa hulala bapa kwenye kiegemeo wala halibingirii mkononi. Mwishoni mwake hukatwa kitako kwa tupa (hii ndiyo kazi halali ya tupa), kisha hupimwa kwa rula mpaka mwanga usipenye chini yake. Kwa parafujo ya milimita 4, tundu hutobolewa kwa keekee ya milimita 3.3, halafu likakatwa hesi. Ukingo wa ncha sharti uchomoze kidogo mbele ya chuma, na chuma kilicho chini yake kitupwe kwa ndani ili kisisugue mti. Upande wa pili wa pao uzame mpinini vya kutosha, sentimita 8 au zaidi, na shingo ya mpini ivishwe pete ya bomba usije ukapasuka.

Hebu tazama ni masomo mangapi yamo katika kazi hiyo. Mna vipimo, mna fizikia ya nyenzo na msuguano, mna kemia ya metali, na mna subira ambayo haimo katika mtihani wowote. Mwanafunzi aliyeiunda patasi yake haogopi kuitumia, na ncha ikivunjika ajua ni kiasi gani kimepotea. Kufuli la kabatini halina kazi tena.

Najua nitapingwa. Mafundi wa zamani watasema kuwa ncha ya kabaidi hukwangua badala ya kukata, kwamba huuacha mti ukiwa na malaika, na kwamba anayeitegemea hatajua kunoa. Wana haki. Bobari iliyonolewa vyema huacha uso laini usiohitaji msasa mwingi, na kabaidi hailifikii hilo. Kwa hiyo sisemi tuitupe bobari wala noo. Nasema kabaidi iwe mlango wa kuingilia. Kijana akishaonja utamu wa kuliona gogo likigeuka bakuli, ndipo atakapokubali taabu ya kujifunza kunoa. Kumwanzisha kwa taabu, mashine ikiwa chini ya turubai, ni kumfunza kuwa ufundi ni wa watu wengine.

Msomaji huenda akashangaa mwanaisimu anatafuta nini karakanani. Jibu ni kuwa lugha yetu imekuwa ikifanya hivi tangu jadi. Neno parafujo tulilichukua kwa Wareno, na hatukuona haya. Lakini tazama neno msasa. Asili yake ni mti ambao majani yake ya kukwaruza yalitumiwa na mafundi kulainishia mbao. Karatasi ya kiwandani ilipokuja, wazee wetu waliinunua, lakini jina hawakulinunua, maana walikuwa nalo. Walijua ni kipi cha kukopa na ni kipi cha kuunda. Hekima hiyo ndiyo ninayoiona ikitutoka, katika istilahi na katika ufundi pia.

Sitaki pia ionekane kana kwamba kununua ncha ndiyo kikomo chetu. Jirani zetu wa Rwanda huchimba madini ya tangsteni na kuyauza nje. Iko siku eneo letu litapaswa kujiuliza kwa nini jiwe zito huondoka hapa likiwa udongo na kuturudia likiwa makali. Swali hilo litajibiwa na wahandisi, na wahandisi hao wameketi leo madarasani wakinakili ubaoni picha ya mashine iliyo hatua ishirini kutoka walipo.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 tuliahidiwa kuwa elimu itaishughulisha mikono. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019 tuliahidiwa vivyo hivyo. Ahadi hazitoshi. Waswahili walisema vyaelea vimeundwa, wala hawakusema vyaelea vimeandikiwa insha.

Nimemwandikia mwalimu yule na kumtumia ncha kumi pamoja na mchoro wa kitako. Nimemsihi auze zile patasi mbili asizozihitaji, anunue miwani ya kinga ya kutosha darasa zima, na awaache wanafunzi wakate vyuma vyao wenyewe huku yeye akisimamia. Jibu lake lilikuja juzi. Amekubali, kwa sharti moja: kwamba nirudi siku ya kwanza ya kuliondoa turubai, na nisimame karibu na mashine kuliko yeye.

Nimemwahidi kuwa nitakwenda. Yule msichana wa Kidato cha Tatu amekwisha kulijua jina la mashine, na ni haki yake ausikie mlio wake kabla hajaondoka shuleni.