Kutelekeza si Kukabidhi



Katika miji yetu ya Kenya inayopanuka kwa haraka, iko mitaa ya nyumba iliyoanzwa kwa shangwe na kuachwa kimyakimya. Nyumba kadhaa zimekamilika na watu wanaishi humo; kando yake zimesimama kuta zisizo na paa. Barabara iliyoahidiwa ni vumbi, mtambo wa majitaka haukujengwa, na kiwanja cha watoto kimeota magugu. Ndipo kampuni iliyojenga huwaandikia wakazi barua yenye adabu nyingi: tangu tarehe fulani, mtaa umekabidhiwa kwenu.

Maneno haya mawili yasichanganywe. Kukabidhi ni kumpa mwenye haki kitu chake kikiwa kamili. Kumpa nusu na kuondoka na bei nzima ni kutelekeza. Mwenye nyumba hakununua kuta nne tu. Katika bei aliyolipa zilihesabiwa barabara, maji, taa na kiwanja. Akiambiwa leo achange tena ili kisima kichimbwe, analipishwa kitu kimoja mara mbili. Ahadi ni deni, na Katekisimu ya Kanisa, namba 2410, yafundisha kwamba mikataba ya haki sharti itimizwe.

Watetezi wa kampuni husema kwamba riba zilipanda na wanunuzi wakapungua. Huenda ni kweli. Lakini aliyetaka faida yote ya nyakati njema hana haki ya kuwaachia wengine hasara yote ya nyakati mbaya. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anasimulia juu ya mtu aanzaye kujenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Katika mfano ule, anayechekwa ni mjenzi. Kwetu siku hizi mjenzi huondoka na heshima zake, na anayechekwa ni mnunuzi: mbona hukuchunguza?

Wengine husema kwamba hao ni watu wenye uwezo, Kanisa lishughulike na maskini. Watazameni vizuri. Ni mwalimu anayekatwa mkopo katika mshahara mwaka hata mwaka. Ni muuguzi mstaafu aliyetoa kiinua mgongo chake chote. Wenzao ambao nyumba zao zilibaki kuta hulipa mkopo wa benki na kodi ya pango katika mwezi uleule. Na pale kampuni inapoondoka bila kuwalipa waashi na vibarua, inatenda dhambi ambayo Papa Leo XIII aliikemea katika Rerum Novarum mwaka 1891.

Tufahamu jinsi dhuluma hii inavyowezekana. Mara nyingi ardhi yote hubaki katika hati kuu moja, kwa jina la kampuni, nayo huiweka rehani benki ili ipate mtaji. Mnunuzi hulipa hatua kwa hatua, na fedha zake zikichanganywa na nyingine za kampuni, zaweza kutumika kununulia ardhi mahali pengine kabisa. Kampuni ikifilisika, benki yenye rehani hulipwa kwanza kutokana na ardhi ile. Mnunuzi asiye na hati huhesabiwa miongoni mwa wadai wasio na dhamana. Ambaye jasho lake liliinua kuta ndiye anayekumbukwa mwisho.

Hali hii si amri ya Mungu. Sheria ya India ya mwaka 2016 inamlazimu mjenzi kuweka asilimia 70 ya fedha za wanunuzi katika akaunti ya pekee, zitumike kwa gharama za mradi huohuo tu. Usajili wa mradi ukifutwa, chama cha wanunuzi kina haki ya kwanza ya kuumalizia. Nasi Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yatambua haki ya makazi, na kifungu cha 46 haki ya mnunuzi kupewa taarifa anazohitaji. Tuwadai wabunge wetu kinga isiyopungua ile ya India, katika sheria na katika utekelezaji.

Wakati huohuo, wenye nyumba wasikae kila mmoja na uchungu wake. Waunde umoja wenye katiba na daftari. Wasitie sahihi barua ya kukabidhiwa kabla mhandisi asiyetumwa na kampuni hajaorodhesha yote yasiyokamilika. Wakili aichunguze hati kuu katika Masjala ya Ardhi, na anayestahili aweke zuio chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Watunze mikataba, risiti, hata karatasi za matangazo. Nabii Yeremia, aliponunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu umezingirwa na adui, alipima fedha mbele ya mashahidi, akaitia hati muhuri, akaagiza iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu. Imani yake kwa Mungu haikumfanya adharau maandishi.

Parokia nazo zisiifanye altare mahali pa kutangazia nyumba na viwanja. Neno linalotoka hapo watu huliamini, na atakayewadanganya kwa njia hiyo atakuwa amewaibia mara mbili.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Je, katika parokia yetu uko mtaa uliotelekezwa? Wakazi wake wanaishije?

2. Ni nani kati yetu, wakili, mhandisi au mhasibu, anayeweza kuwasaidia bila malipo?

3. Tutamwandikia lini mbunge wetu, na nani atapeleka barua?