Adhabu na hesabu ya hazina

Uhalifu unapozidi, wengi hudai jela ziongezwe. Ni wachache wanaouliza nani atalipa. Swali hilo ni jukumu la kamati za bunge, kwani mali ya umma ni amana.

Tuchukue mfano wa jimbo la Texas, nchini Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2007, wataalamu wa bajeti wa bunge la jimbo hilo walikadiria kuwa ifikapo 2012 magereza yangehitaji nafasi mpya zipatazo 17,000. Wenyeviti wawili wa kamati, Jerry Madden wa Baraza la Wawakilishi na John Whitmire wa Seneti, japokuwa ni wa vyama vinavyopingana, walikaa pamoja wakachunguza kwa nini jela zinajaa. Ikabainika kuwa wengi walikuwa watumwa wa ulevi na dawa za kulevya, waliokosa tiba. Bunge likatenga dola milioni 241 kwa tiba na uangalizi wa wafungwa. Mwaka 2011, gereza kongwe la Sugar Land likafungwa.

Hatusemi mhalifu aachwe. Aliyedhulumiwa ana haki yake, na muuaji hana budi kuzuiwa. Lakini kijana aliyezama katika ulevi akifungwa bila kutibiwa, hurudi nyumbani vilevile, na wazazi wake hulia mara ya pili.

Basi kamati inapoita maoni juu ya muswada, wazazi tusikae kimya. Tuulize mambo mawili: utagharimu kiasi gani, na utamrekebisha nani?