Kilio cha Kuku Kimfikie Aliye Karibu

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, vifaranga wangu 120 kati ya 300 walikufa kwa baridi huko Limuru. Jiko la makaa lilikuwa limezimika. Kijana aliyewatunza alikiri asubuhi kwamba aliwasikia wakilia usiku kucha, ila alidhani wana njaa. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, licha ya shahada yangu ya uzamifu katika isimu, nisingalitambua maana ya kilio kile.

Ndipo nilipoanza kusoma kazi za wanaochunguza sauti za wanyama. Kuku, msomaji mpendwa, hapigi kelele ovyo. Jogoo akimwona mwewe hutoa mlio mmoja, na akimwona adui wa ardhini hutoa mwingine. Mwaka 1993 Christopher Evans na wenzake walionyesha kwamba kuku wakisikia mlio tu, bila kumwona adui, hujihami inavyofaa kwa adui huyo. Kifaranga naye akishikwa na baridi, au akitengwa na wenzake, hulia kwa sauti kali ya kurudiarudia.

Leo mashine zimeanza kusikiliza. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Hong Kong na wenzao walieleza programu ya kompyuta iliyotambua vilio vya dhiki vya kuku kwa usahihi wa asilimia 97. Huko Oxford, Marian Dawkins ametumia kamera kupima mwendo wa kundi zima la kuku wa nyama, ili kujua kama wengi wao wanatembea kwa taabu. Vipimajoto vinavyotuma ujumbe kwa simu ya mkononi navyo si muujiza tena.

Nayaunga mkono haya yote, lakini kwa masharti mawili.

Kwanza, mashine zisitumiwe kuhesabu mayai pekee. Kuku aliyefungiwa katika kizimba cha nyaya asimoweza hata kukunjua mbawa, aina ambayo Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu 2012, hapati nafuu yoyote kwa kutazamwa na kamera. Anahitaji nafasi.

Pili, na hapa nasema kama mtu wa lugha, ujumbe umfikie anayeweza kutenda, tena kwa lugha anayoielewa. Aghalabu mwenye kuku hulala mjini, na anayelala kando ya banda ni kibarua. Arifa ya Kiingereza ikiingia katika simu ya tajiri saa nane za usiku haitawasha jiko. Afadhali simu ya kibarua iseme waziwazi: "Vifaranga wanahisi baridi, washa moto."

Wapo watakaosema kwamba kibarua hana haja ya kujua mengi, mradi tajiri wake anajua. Hoja hiyo ndiyo iliyowaua vifaranga wangu. Mimi nilijua kwamba kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Kijana wangu sikumwambia.

Nawasihi basi wahandisi wanaobuni mitambo hii, pamoja na maafisa wa mifugo katika kaunti zetu, wakae na vibarua wa mabandani kabla ya kuandika hata neno moja la arifa. Nasi tunaofuga, tuwape vibarua hao maarifa, makaa ya kutosha na idhini ya kuyatumia bila kungoja simu kutoka mjini.