Paka wa bibi na gari la jirani



Ndugu wasomaji, katibu wa kamati ya msikiti huandika mengi. Huandika michango ya umeme na maji, zamu za kufagia ua, majina ya waliotoa mkeka na ya waliotoa ahadi ya mkeka. Nilipokuwa chuoni nikisoma mlango wa tohara na mlango wa mauziano, sikudhani kwamba siku moja ningeandika katika daftari la kikao, kwa mkono wangu mwenyewe, maneno haya: Ajenda ya nne, malalamiko kuhusu paka.

Ulikuwa usiku wa baridi, baada ya swala ya Isha. Wakazi wa Morogoro wanaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, pale upepo unapoteremka kutoka kilele cha Bondwa na kupenya mitaani hadi chini ya milango. Mlalamikaji alikuwa mmoja wa waumini wetu, baba wa watoto wanne, ambaye riziki yake ni gari dogo alilolinunua kwa mkopo. Asubuhi hupeleka watoto wa watu shule, jioni hubeba abiria. Mlalamikiwa ni bibi mjane wa nyumba ya pili kutoka kwake, ambaye paka wake wamefika tisa, ukiwaacha wale wanaokuja kula na kuondoka.

Malalamiko yenyewe hayakuwa ya mzaha. Kila alfajiri gari lina nyayo za vumbi kuanzia boneti hadi paa. Paka dume mmoja amejiwekea ada ya kukojoa kwenye tairi la nyuma na ubavu wa mlango, na harufu yake huingia ndani, hata mzazi mmoja ameuliza kama gari hilo husafishwa. Kubwa kuliko yote, juma lililotangulia mtoto wa paka alikuwa amelala ndani ya injini. Gari lilipowashwa, mtoto yule alifia kwenye feni, mkanda ukakatika, gari likalala kwa fundi siku nzima, na watoto wakachelewa mtihani.

Bibi aliposomewa malalamiko hayo alijibu kwa upole, "Wanangu, paka ni wa Mwenyezi Mungu. Mimi nawapa makombo tu."

Kikao kilifungwa kwa dua bila uamuzi. Nikiwa njiani kurudi nyumbani, mwenye gari alinifuata, akatoa mfukoni pakiti ndogo, akasema, "Ustadh, nimekuheshimuni kwa kuja kikaoni. Kesho nalimaliza shauri hili mwenyewe." Ilikuwa sumu ya panya, ile inayouzwa mitaani kwa kipaza sauti. Alikuwa amekwisha kununua na dagaa wa kuichanganyia.

Naiandika safu hii kwa ajili ya pakiti ile. Najua haikuwa ya kwanza, na najua si mtaa wetu peke yake wenye gari, paka na mtu aliyechoka.

Nianze na lililo jepesi. Mwenye gari aliniuliza kama nyayo za paka zinanajisi gari, kwa kuwa kanzu yake huligusa akienda swala. La, hazinajisi. Imepokewa katika vitabu vya Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo kwamba Kabsha bint Kaab alimwekea maji ya udhu mkwewe, Abu Qatada. Akaja paka kunywa, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akashiba. Alipoona yule mwanamke anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Basi mate yake na unyayo wake ni tohara. Mkojo wake ndio najisi, nao huondolewa kwa maji kama najisi nyingine. Ubavu wa gari uoshwe, na nguo iliyogusa hapo kukiwa na umajimaji ioshwe pale palipoguswa. Hapo hapana haja ya wasiwasi.

Na kwa kuwa tumetaja mapenzi kwa paka, kile kisa cha kukatwa mkono wa kanzu ili paka aliyelala asiamshwe, tunachowasimulia watoto wetu, hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Hatukihitaji. Iliyo sahihi inatosha, na inatisha: Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini.

Sasa tuje kwenye haki ya mwenye gari, maana watu wengine hudhani huruma kwa mnyama inafuta haki ya mwanadamu. Wanazuoni hawakusema hivyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa kwa vizazi katika pwani yetu, ameligusa jambo hili waziwazi. Paka akijulikana kwa tabia ya kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenye paka hudhamini kilichoharibiwa, iwe usiku au mchana. Asipokuwa amejulikana kwa tabia hiyo, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi hadhamini. Gari halikutajwa, bila shaka, lakini msingi ni huo.

Je, bibi ni mwenye paka? Yeye anasema hapana. Mimi nimepita mlangoni kwake jioni, nikamsikia akiwaita mmoja mmoja kwa majina. Mtu aliyempa paka jina, akamwita, naye akaja, ni vigumu kumkubalia anaposema si wake.

Lakini Nawawi huyo huyo, katika Rawdha, anaendelea na swali la pili: paka aliyezoea uharibifu, je, inajuzu kumuua akiwa ametulia, hafanyi lolote? Ametaja kwamba wapo walioruhusu. Kauli aliyoipa nguvu, ambayo Imamu al-Qaffal ameikata bila kusita, ni kwamba haijuzu, na sababu waliyoitoa ndiyo iliyonipa cha kumwambia jirani yangu usiku ule: ukali wa paka ni jambo la kupita, na kujikinga naye ni rahisi. Anazuiwa wakati wa kudhuru, kwa kadiri ya kumzuia. Haviziwi.

Nayo sumu haichagui. Dagaa wenye sumu huliwa na kuku wa jirani, huokotwa na mtoto anayetambaa, na njia ile hupitwa kila siku na watoto wa madrasa. Na kama mtu haogopi dhambi, nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa mnyama. Kisha tufikiri: mtaa usio na paka ni mtaa wa nani? Sisi wa Morogoro tunawajua panya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wametumia miaka mingi kuchunguza panya wa mashamba ya mkoa huu, ambao hufukua mbegu ya mahindi kabla haijaota. (Ni kweli pia kwamba chuoni hapo hapo panya buku hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, lakini hao wanaoingia kwenye magunia yetu hawajasoma.)

Basi kama kujikinga ni rahisi, kunafanyikaje? Hapa ndipo nilipolazimika kuwa mwanafunzi tena. Nilimwuliza fundi, nikamwuliza daktari wa mifugo, nikakaa barazani jioni mbili nikiwatazama paka wenyewe.

Paka hapandi gari kwa uadui. Gari linalorudi saa mbili usiku lina injini yenye joto, na kwa mnyama mwenye baridi hilo ni jiko lililowashwa kwa ajili yake. Tena gari la jirani yangu lilikuwa likiegeshwa karibu mno na ukuta, chini ya mwembe, hivyo lilikuwa ngazi: kutoka ukutani hadi paani, kutoka paani hadi kwenye bati, na huko bati liko panya. Tena pipa la taka la nyumba yake mwenyewe, lenye matumbo ya samaki na halina mfuniko, lilikuwa hatua nne kutoka kwenye tairi. Nilipomwonyesha hilo la pipa alinyamaza kidogo.

Tulifanya haya. Gari lilisogezwa mbali na ukuta. Pipa likapata mfuniko na jiwe juu yake. Likanunuliwa turubai, likashonwa kwa kipimo cha gari na kutiwa kamba za kufungia chini ya matairi, kwani turubai lililolegea hugeuka hema la paka. Pembeni, mbali na gari, likawekwa boksi lenye gunia kuukuu ndani, likielekezwa kisogo kwa upepo. Ukimwondolea kiumbe mahali penye joto bila kumpa pengine, atarudi pale pale. Palipokojolewa paliondolewa harufu kwa sabuni na maji mengi, kwa sababu dume hurejea penye alama yake. Maganda ya machungwa nayo tuliyajaribu, na kwa wanaoshuka na machungwa kutoka Kinole na Mkuyuni si bidhaa ya shida. Yanasaidia siku moja au mbili yakiwa mabichi, basi.

Visitumike vidonge vya nondo, mafuta ya taa wala dizeli. Hivyo ni sumu nyingine kwa jina lingine, maana paka hujilamba miguu. Pilipili ya unga nayo huingia machoni mwa paka, na mwa watoto.

Kuhusu mikwaruzo, fundi alinicheka. Unyayo wa paka ni laini, na akitembea huficha makucha. Hukwaruza anapoteleza au kuruka kwa kushtuliwa. Mikwaruzo mingi ya gari lile ilikuwa ya mduara, yaani ya mkono wa mwenyewe, anayefuta vumbi letu jekundu kwa kitambaa kikavu kila alfajiri kwa hasira. Amwage maji kwanza, ndipo afute.

Kwa bibi nilikwenda na mke wangu, kwa sababu mambo ya mtu mzima hayaendewi kwa daftari. Tulimwamkia, tukanywa chai, tukazungumza mengine yote kwanza. Kisha nikamwambia kwamba sadaka yake kwa viumbe hao ina ujira kwa Allah (s.w.), ila jirani asilipe gharama ya sadaka ya mwenzake. Alikubali kuwalisha uani kwake, nyuma, kwa saa maalumu, na kuondoa vyombo baada ya kula. Suala la kuwahasi madume lilimtia shaka, na si yeye peke yake. Wanazuoni wetu wa Kishafi wamelizuia kwa mnyama asiyeliwa. Wapo wa zama zetu, kama Sheikh Muhammad ibn Uthaymin, walioona kuwa paka wakizidi na kudhuru, nayo kazi ikafanywa bila kuwatesa, ni bora kuliko kuwaua. Nilimweleza kauli zote mbili, na kwamba madaktari wa mifugo tunao hapa hapa mjini. Chanjo ya kichaa aliikubali papo hapo. Kuhasi anafikiri bado.

Gharama ya mkanda wa feni ilikuwa mtihani. Mtoto wa paka hakuwa na tabia iliyojulikana, na kamati si mahakama. Bibi hata hivyo alimpelekea jirani mkungu wa ndizi, naye jirani akaupokea. Sijui kama aliuhesabu kuwa malipo. Pakiti ya sumu aliniachia usiku ule ule, nayo imefungiwa kabatini juu, pamoja na stakabadhi. Hajaja kuidai.

Siwezi kuwaambia kwamba paka wameisha juu ya gari. Yupo mmoja, wa rangi ya majivu, ambaye turubai kwake limekuwa godoro, na kila Ijumaa, gari linapooshwa na kuachwa wazi, hulikagua lote. Mwenyewe ameacha kumrushia mawe na sasa humnyunyizia maji.

Lipo lililobadilika, nalo hulisikia kila siku tukitoka swala ya Alfajiri, kabla watoto wa shule hawajaanza kukusanyika. Mwenye gari hufungua turubai, huligonga boneti kwa kiganja mara tatu, kisha husubiri. Wakati mwingine hutoka paka chini ya injini, akijinyoosha. Ndipo gari huwashwa, na kutoka nyumba ya pili bibi anasikika akiita majina.