Paka mwoga wa lupango: usimkimbize, mwache aingie mwenyewe



Katika miji yetu ya machimbo watu wanahama sana. Kazi inakwisha, mwenye nyumba anapandisha bei, ao kampuni inapanua shimo lake. Kule Kolwezi, familia nyingi zilizokaa karibu na machimbo zimehamishwa. Siku ya kuhama, gari linapakiwa vitanda, masufuria, makala na kuku. Paka, yeye, ameogopa makelele, amejificha juu ya paa. Gari linaondoka, paka anabaki.

Kisha unamwona katika lupango yenu. Amekonda, anachungulia nyuma ya jikoni, na ukikohoa tu ameruka ukuta. Watoto wanamtupia mawe. Na wewe una panya wanaotoboa gunia la unga kila usiku! Unajisemea: huyu paka angeingia ndani, yeye angepona na sisi tungepona. Namna gani kumshika?

Jibu ni hili: paka mwoga hashikwi kwa mbio, wala kwa mikono. Anashikwa kwa saa ya chakula.

Maneno ya bulozi

Kabla ya mtego, tuongee waziwazi. Ukianza kulisha paka, hasa akiwa mweusi, jirani mmoja atasema: "Ile paka iko ya bulozi! Angalia macho yake usiku." Kumbe macho yanawaka kwa sababu nyuma ya jicho la paka kuna ngozi nyembamba inayorudisha mwangaza, kama kioo. Ndiyo inayomsaidia kuona panya gizani. Mbuzi na ng'ombe wanayo vilevile, na hakuna anayewashitaki.

Tena mashaka ya namna hii hayaishii kwa paka. Yanarukia bibi mzee anayemlisha, ao mtoto anayempenda. Mkristo asiyapeleke mbele hata kwa mchezo. Kitabu cha Mithali (12,10) kinahesabu kutunza mnyama kati ya alama za mtu wa haki. Hilo linatutosha.

Juma la kwanza na la pili: chakula tu

Chagua saa moja na mahali pamoja. Jioni ni vizuri, wakati watoto wametulia. Weka ndakala kidogo, ao kichwa cha tomson kilichopikwa, na maji safi katika kibakuli kingine. Usiweke samaki ya chumvi. Kisha ondoka. Usimwite, usimkazie macho: kwa paka, anayemkazia macho ni adui. Siku nyingine kaa mbali, hatua kumi hivi, ukichambua mboga zako kama hakuna kitu. Kila siku mbili tatu sogea kidogo. Akiacha kula na kukuangalia, umesogea mno, rudi nyuma.

Katika siku hizo usitege sumu ya panya. Paka akila panya mwenye sumu anaweza kufa naye. Na sumu hiyo mtoto anayetambaa anaifikia pia.

Angalia vizuri tumbo lake. Maziwa yakionekana yamevimba, ana watoto mahali fulani. Ukimfunga yeye peke yake, wale watakufa kwa njaa. Tafuteni kwanza walipo, mkamate familia nzima.

Mtego wenyewe

Mwombe fundi wa mbao sanduku refu la sentimeta 80, upana 35 na urefu wa kwenda juu 40. Upande wa nyuma aweke waya wa matundu. Paka akiona mwangaza mbele yake, anaingia upesi kuliko akiona shimo jeusi. Upande wa mbele uwe na mlango wa ubao unaopanda na kushuka katika mifereji miwili. Funga kamba juu ya mlango, ipitishe juu ya sanduku, ushike mwisho wake ukiwa mbali. Ukiachilia kamba, mlango unashuka. Funga kitambaa kwenye ncha ya chini ili usimwumize.

Siku nne ao tano, mlango ukae wazi, umefungwa imara juu, usishuke kabisa. Weka chakula mlangoni. Kesho yake katikati. Kesho kutwa mwisho kabisa. Tandika gazeti ao gunia chini, kwa maana paka hapendi kukanyaga kitu kinachoyumba ao kinacholia.

Siku ya kumshika, usimpe chakula tangu jioni iliyotangulia, lakini maji apate. Vijana mnaosoma, hapa ndipo kazi yenu: mmoja tu ashike kamba, wengine wakae ndani ya nyumba kimya. Paka ataingia, atatoka, ataingia tena. Mwache. Ngoja mpaka mkia umepita ndani na kichwa kiko kwenye chakula. Ndipo uachilie.

Atapiga kelele, atajigonga. Mara moja funika sanduku lote kwa blanketi ya zamani. Giza linamtuliza, na dakika chache baadaye utasikia kimya. Usiache mtego uliotegwa bila mtu, na usiache paka aliyefungwa juani ao mvuani.

Usitie mkono!

Mama, sikiliza hapa. Jino la paka ni jembamba, linaingia ndani sana na kuacha tundu dogo. Juu panafunga, chini panaoza. Tena paka aweza kuwa na kichaa cha mbwa, kile wengi tunakiita raje. Ugonjwa huo, alama zake zikianza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la afya la ulimwengu, OMS, linasema kwamba kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wenye mashaka hayo, 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Na mtoto mara nyingi anaficha, juu ya kuogopa fimbo. Mwambieni leo: akiumwa ao akikwaruzwa, aseme, hatapigwa.

Mtu akiumwa, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, mkiangalia saa. Msipake dawa ya meno, majani, mafuta wala majivu. Siku ileile mwende kituo cha afya kuuliza chanjo ya raje na ya pepopunda. Chanjo ya raje ilipewa mtoto kwanza mwaka 1885, chini ya uongozi wa Louis Pasteur kule Ufaransa, na mtoto yule alipona. Lakini inafaa kabla ya alama, si baada yake. Paka mwenyewe asiuawe upesi. Afungwe salama na kuangaliwa siku 10, na munganga aambiwe hali yake.

Ukiona paka anayetembea kama mlevi, anayetokwa mate, anayeshambulia bila sababu, ao paka wa porini aliyekuwa mwoga jana na leo anakujia ghafula, huyo usimtege. Weka watoto ndani, ita wakubwa wa mtaa na veterineri.

Sasa yuko ndani

Usimwachilie katika nyumba nzima. Mpe chumba kidogo, ao kona ya stoo yenye mlango na dirisha lililofungwa. Weka kartoni iliyotobolewa mlango, apate pa kujificha, beseni la mchanga mbali na chakula, maji. Fungua sanduku, utoke. Anaweza kukaa ndani ya kartoni siku nyingi akila usiku tu. Usimvute. Ingia kwa saa ileile ya chakula, kaa chini, ongea polepole. Akikuangalia, funga macho taratibu na kuyafungua. Paka anaelewa hiyo kama amani.

Mama mwenye mimba asisafishe ule mchanga. Mavi ya paka yanaweza kubeba ugonjwa unaodhuru mtoto tumboni. Mwingine afanye kila siku, kisha anawe mikono kwa sabuni. Baada ya majuma mawili ao matatu, paka akiwa ametulia, veterineri ampe chanjo na dawa ya minyoo. Ndipo mlango unaweza kufunguliwa, jioni kabla ya chakula, ili njaa imrudishe.

Kitoto cha paka cha juma la tano ao la sita kinazoea watu upesi. Paka mzima aliyekulia nje, pengine hatakubali kamwe kushikwa. Huyo msimwone kuwa hasara. Atalala kwenye stoo, atawafukuza panya, atakula saa yenu. Hayo ni makubaliano mazuri.

Na familia mnaojiandaa kuhama mwezi huu: usiku wa kuamkia safari, mfungieni paka wenu katika chumba kimoja kabla gari halijafika. Asubuhi awe mzigo wa mwisho kuingia na wa kwanza kushushwa.